Kyubu zangu zilifeli, niendelee na utafiti wa vifaa vya ujenzi au nitafute kazi ya barabara?

"Shikamoo mhandisi. Mimi ni binti wa miaka 25, nimemaliza digrii ya uhandisi ujenzi mwaka jana na sasa niko saiti moja hapa Mbeya kwa mkandarasi, napewa posho tu. Napenda sana mambo ya vifaa vya ujenzi visivyoharibu mazingira. Projekti yangu ya mwaka wa mwisho nilichukua majivu ya pumba za mpunga kutoka kwenye mashine za Igurusi, nikapunguza simenti asilimia 30 nikaweka majivu, lakini kyubu za zege zilipovunjwa kupimwa nguvu siku ya saba zilitoka chini ya nusu ya zile za kawaida. Nikaandika kwamba majivu hayafai. Sasa mjomba anasema utafiti ni njaa, nikimbilie wakala za barabara, TARURA au TANROADS. Rafiki zangu wanasema bila masta ya nje hakuna atakayenisikiliza. Na kingine kinaniumiza zaidi: baba yangu anachoma tofali, ndizo zilizonisomesha, na kila nikisoma mambo ya mazingira naona tofali za kuchoma ndizo zinazolaumiwa. Nikiingia fani hii si nitakuwa napigana na riziki ya mzee? Nianzie wapi?"

Marahaba mdogo wangu. Nimelisoma swali lako lote na naona mambo matatu umeyafunga pamoja: kama majivu yanafaa, kama fani inalisha, na kama utakuwa umemgeuka mzee. Mjomba na rafiki zako wote wanajibu hilo la pili tu. La kwanza hakuna aliyekuuliza, wakati ndilo lililobeba hayo mengine, kwa hiyo tuanze na kyubu.

Majivu hayajafeli. Kilichofeli ni mchanganyiko mmoja tu, wa majivu ambayo hujui yaliungua vipi, kwenye simenti ambayo hujaniambia ni ya aina gani, ukavunjwa siku ambayo majivu yalikuwa bado hayajaanza kazi vizuri. Simenti ikikutana na maji inatengeneza vitu viwili vikubwa, kwanza ile gundi inayoshika mchanga na kokoto, na pili chokaa ambayo inabaki mle ndani bila kazi kubwa. Pumba za mpunga zikiungua zinabakiza majivu kama asilimia 20 ya uzito wake, na sehemu kubwa ya hayo majivu, mara nyingi asilimia 85 mpaka 95, ni silika, kitu kile kile kilichomo kwenye mchanga. Silika hiyo ikiwa nzuri inaidaka ile chokaa na kutengeneza gundi ya ziada. Sasa fikiria mtiririko wenyewe, lazima simenti ianze, itoe chokaa, ndipo majivu yapate cha kushika, na mara nyingi yanakwenda polepole. Siku ya saba ni mapema mno kuyahukumu, siku ya 28 unaanza kupata picha, siku ya 90 ndio unaona ukweli wenyewe. Ongeza na baridi yetu. Kama kyubu zako zililowekwa kwenye tangi la kawaida mwezi wa sita au wa saba, kipindi ambacho Mbeya mtu anashinda na koti, maji yale yalikuwa chini ya zile nyuzi 20 ambazo maabara nyingi zinashikilia, na mmenyuko huu baridi inauchelewesha sana. Ulipima mapema na ukapima kwenye baridi.

Halafu njoo kwenye majivu yenyewe. Rudi Igurusi, au nenda Ubaruku, simama nyuma ya mashine kwenye lile lundo linalofuka moshi usiku na mchana, chukua koleo uchimbe taratibu uangalie rangi. Juu utakuta kijivu. Pembeni na chini ambako hewa haifiki utakuta meusi, hayo yana kaboni ambayo haikuungua, yanakunywa maji vibaya, fundi akiona zege limekuwa gumu anaongeza maji na nguvu inashuka hapo hapo. Katikati kabisa, kwenye moto mkali uliokaa siku nyingi, utakuta meupe au yenye wekundu hafifu, na watu wengi wanayachagua hayo wakiamini weupe ndio usafi. Hapo ndipo wanapopotea. Silika ikipita kama nyuzi 700 na kukaa kwenye joto hilo muda mrefu inaanza kujipanga kuwa fuwele, na silika ya fuwele haina tofauti kubwa na mchanga, imekaa tu mle ndani haidaki chokaa yoyote. Ukichota beleshi moja kutoka lundo kama hilo umechanganya majivu ya aina tatu kwenye gunia moja ukayapa jina moja. Na je, uliyasaga? Kuchekecha siyo kusaga. Majivu ya pumba yana vitundu vingi sana, bila kupita kwenye kinu cha mipira ya chuma mpaka yawe laini kama simenti au zaidi, sehemu kubwa ya silika haifikiwi.

Na simenti je? Chukua mfuko mtupu pale saiti kwenu usome maandishi. Ukiona CEM I hiyo ni klinka karibu tupu, yaani yale mawe yaliyochomwa kiwandani yanayosagwa kuwa simenti. Ukiona CEM II/B-P maana yake kiwandani walishaweka pozolana ya asili, kama majivu ya volkano, inayodaka chokaa kama majivu yako, asilimia 21 mpaka 35. Ukiona CEM IV/B ujue pozolana inaweza kuwa 36 mpaka 55. Nyanda za juu kusini tunaishi juu ya volkano, Rungwe, Ngozi na Kiejo ndizo zilizotuachia pozolana, na saruji ya namna hii imejenga nyumba nyingi hapa kwetu bila mtu kuiita teknolojia ya kijani. Kwa hiyo inawezekana kabisa simenti uliyotumia ilishapunguzwa nusu kiwandani, wewe ukapunguza 30 nyingine juu yake, chokaa ya kudakwa na majivu yako ikawa haipo. Kipimo cha kuanzia kinachokubalika, cha kiwango cha Kimarekani ASTM C618, ni mota, yaani mchanga na simenti bila kokoto, yenye simenti ya kawaida isiyo na pozolana, unatoa asilimia 20 tu ya simenti unaweka majivu, na nguvu ya siku 7 au 28 isishuke chini ya asilimia 75 ya mota isiyo na majivu. Anza na hicho, ukitoka hapo ndio uende kwenye zege.

Nimekaa sana hapa kwa sababu ndio kazi yenyewe unayoiuliza. Mtafiti wa vifaa kazi yake siyo kupenda mazingira, hilo watu wengi wanalo na ni jema, kazi yake ni kuweza kusema majivu haya, yaliyochomwa kwa joto hili, yakasagwa hivi, kwa kiwango hiki, na simenti hii, yanatoa nguvu hii siku hii, na mtu mwingine akirudia apate hicho hicho. Ungeandika hitimisho lako hivyo lingekuwa hitimisho zuri kabisa hata kama namba ni ndogo, tena lingemsaidia anayekuja nyuma yako.

Sasa twende kwa mjomba. Mjomba ana hoja, nafasi za kufanya utafiti peke yake hapa nchini ni chache. Kuna vyuo, kuna NHBRA, ule wakala wa serikali wa nyumba bora na vifaa vya ujenzi ambao ndio umesukuma sana zile tofali za kufungamana, na kuna fedha za miradi zinazopita COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, ambazo zinagombaniwa na watu wengi. Vyuo vya umma vikitangaza kazi ya mhadhiri msaidizi mara nyingi vinataka GPA ya 3.8 kwenye digrii ya kwanza na 4.0 kwenye masta, soma tangazo la chuo husika, lakini iangalie GPA yako leo kwa macho makavu kabla hujapanga miaka kumi ijayo kwa kutegemea kufundisha. Kama ni 3.2 basi mlango huo ni mwembamba, na ni bora ulijue sasa.

Ila kuna kitu mjomba hajakiona. Kila mradi mkubwa wa barabara una mhandisi wa vifaa, yule anayekaa na maabara ya saiti, anayeamua kifusi hiki kitumike au kikataliwe, kiongezwe chokaa au simenti na kwa asilimia ngapi. Ni nafasi inayolipwa vizuri kwa mshauri na kwa mkandarasi, na wanaoijua kweli si wengi. TANROADS wana maabara zao, viwanda vya saruji vina maabara zinazofanya kazi usiku na mchana, wauza zege la kiwandani nao wanahitaji mtu wa kudhibiti ubora. Na mkoa wetu una maswali ya kutosha ya mtu huyo: udongo wa majivu ya volkano wa Rungwe ambao ni mwepesi na umejaa maji, udongo mweusi wa Usangu unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Mtu anayejua pozolana na chokaa ndiye anayetafutwa hapo. Kwa hiyo TARURA na utafiti siyo njia mbili zinazopishana kama mjomba anavyoziona. Ukiingia TARURA ukaomba kukaa upande wa vifaa na vipimo utakuwa unajenga fani ile ile huku unalipwa mshahara.

Kuhusu masta ya nje, rafiki zako wanakutanguliza kabla ya wakati. Kwanza jisajili ERB, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kama mhandisi mhitimu, kama bado hujafanya hivyo fanya mwezi huu, halafu ulizia SEAP, ule mpango wa mafunzo kwa vitendo wa miaka mitatu ambao Bodi imeuendesha tangu 2003, unakuwa na msimamizi, unajaza kitabu cha kazi zako, mwisho wake unaomba kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Waulize kama mwajiri wako wa sasa anaweza kukubaliwa na kama unaweza kuhesabiwa muda utakaokaa maabara. Nakusisitizia hili kwa sababu siku moja utakuwa na kifaa kipya mkononi na mtu atauliza nani anasaini kwamba nyumba haitaanguka, na bila usajili huwezi kusaini, utabaki kubeba data za watu wengine. Tena miaka ya saiti inakupa maswali ya kweli. Utaona fundi anamwagilia ukuta siku mbili anaacha, na utajua kwamba simenti yoyote yenye pozolana inayohitaji wiki mbili za unyevu itakufa mikononi mwake hata kama maabara ilifaulu.

Skolashipu kamili ikija, DAAD ya Ujerumani, Commonwealth ya Uingereza au nyingine, chukua uende. Lakini tafadhali asikudanganye mtu mkauza shamba la familia ili ukasome nje. MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, ipo hapo Iyunga, kuna Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuna Nelson Mandela kule Arusha, na masta ya nyumbani yenye msimamizi anayechapisha na maabara inayofanya kazi mimi naiona bora kuliko ya mbali ambako utapima majivu ya makaa ya nchi nyingine ambayo hutayaona tena maishani. Kinachoangaliwa na wanaotoa fedha ni msimamizi, vifaa vya kupimia na ulichochapisha.

Sasa mzee. Nimelisoma hilo mara mbili na nataka nikujibu vizuri maana naona ndilo linalokulaza macho. Ni kweli tanuru linakula kuni, na kwenye milima yetu kuni ni msitu. Lakini usilichukue lawama zima ukambebesha baba. Saruji yenyewe inabeba kama asilimia 7 mpaka 8 ya hewa ukaa yote inayotokana na shughuli za binadamu duniani, na zaidi ya nusu ya hiyo haitoki kwenye kuni wala makaa, inatoka ndani ya jiwe. Tani moja ya mawe safi ya chokaa ikichomwa inaachia kilo 440 za hewa ukaa hata ungeichoma kwa jua, halafu tanuru la klinka linatakiwa lifike nyuzi 1450. Ndio maana dunia nzima inatafuta cha kuweka badala ya klinka, na moja ya majibu makubwa ya sasa ni udongo wa kuchoma.

Soma tena hapo, udongo wa kuchoma. Kuna saruji inaitwa LC3, imetengenezwa na watafiti wa Uswisi na Cuba, akina Karen Scrivener na Fernando Martirena, ina klinka nusu tu, asilimia 30 ni udongo uliochomwa, 15 mawe ya chokaa ambayo hayajachomwa na 5 jasi. Udongo ule unachomwa nyuzi 700 mpaka 850 basi. Hilo ni joto ambalo tanuru la tofali linalifikia. Ukisaga tofali iliyoiva vizuri, kama udongo wake una kaolini ya kutosha, ule udongo mweupe wa mfinyanzi, unapata pozolana, na siyo jambo geni kabisa, Wahindi wamechanganya unga wa tofali na chokaa karne nyingi kabla simenti haijafika kwao. Na Malangali kule Mufindi kuna kaolini ambayo wanajiolojia wameiandika miaka mingi. Kwa hiyo tanuru la mzee mimi naliona kama mahali pa kuanzia. Zile tofali zinazovunjika kila awamu, zile za pembeni zisizoiva na zile za karibu na mdomo zilizoungua mpaka zikang'aa, chukua kila aina ziweke mbali, saga, pima kwa ule utaratibu wa asilimia 20. Mzee anajua udongo wa bonde gani unapasuka ukikauka, upi unaiva na kuwa mwekundu sawasawa, unachoma siku ngapi na kuni kiasi gani, ana miaka mingi ya majaribio ambayo hakuna aliyeyaandika. Mkae naye muyaandike, na jina lake liwepo kwenye shukrani za kazi yako. Na kama anachanganya pumba na kuni kwenye kuchoma, kama wanavyofanya baadhi ya watu wa huko Usangu, basi ana majivu pia, na ukiweka kipima joto ndani utajua yaliungua kwa nyuzi ngapi, kitu ambacho projekti yako ya kwanza haikuwa nacho.

Nisikufiche ugumu wa fani. Tafiti nyingi za majivu zinaishia rafuni kwa sababu za biashara tu: majivu ni mepesi, lori linajaa kabla halijabeba uzito wa maana, mashine zinafanya kazi kwa msimu, majivu ya mwezi huu hayafanani na ya mwezi ujao, na bila alama ya TBS, Shirika la Viwango, muuza duka hatakaa nayo. Anayenunua mfuko anaangalia bei na jina analolijua. Ukiingia humu ujue hesabu ya usafiri na ya kusaga ni sehemu ya utafiti wako, weka bei ya kilo moja kwenye kila jedwali kando ya nguvu. Inaweza ikachukua miaka mingi kabla kitu chako hakijatumika na mtu usiyemjua, na kama hilo linakukatisha tamaa ukilifikiria sasa hivi, basi kazi ya barabara ni kazi nzuri yenye heshima na hakuna ulichopoteza.

Mambo mawili ya usalama, haya siyo ya kujadiliana. Usisage majivu wala tofali bila barakoa ya maana, ile ya kuchuja vumbi laini, siyo kitambaa, vumbi la silika ya fuwele linaharibu mapafu na hayarudi. Na usiruhusu mtu, hata ndugu, atumie mchanganyiko wako kwenye nguzo, mkanda au slabu kwa sababu umesema unafanya utafiti. Ripu, tofali za uzio, sakafu ya banda, hapo unaweza kujaribu ukiwa unapima. Kama kuna mahali umeshaweka kwenye nguzo au ukuta unaobeba, au unaona nyufa zinazoongezeka, usinitumie picha, mwite mhandisi aliyesajiliwa aje asimame pale na nyundo yake ya kupimia.

Na wewe mwenyewe kuna sehemu ambayo maandishi yangu hayatoshi, mahali pa kuanzia pazuri ni kwenda kukaa na mkuu wa maabara ya vifaa ana kwa ana. Usiende na barua ya kuomba nafasi tu. Beba sampuli tano za kilo mbili mbili, majivu meusi, ya kijivu na meupe kila moja peke yake, tofali iliyoiva na isiyoiva zimesagwa, kila mfuko umeandikwa mahali, tarehe, kina ulichochimba na ulivyohifadhi, pamoja na mfuko mtupu wa ile simenti na karatasi ya matokeo yako ya zamani kama yalivyo. Muombe akupimie kwanza kiasi kinachopotea ukichoma tena sampuli, ili ujue kaboni iliyobaki, na XRD, kipimo cha miale kinachoonyesha kama silika imekuwa fuwele, kama wanayo au wanajua inapopatikana. Sampuli ya tofali ichukue kabla masika hayajaanza, maana mvua zikishika mzee hatachoma tena mpaka kiangazi.